Konstebo Aliyeshika Mlango

Kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi hakuna mtu anayejua habari za mapenzi kunizidi mimi. Wasichana wote huja kwangu. Ukweli ni kwamba huja kuchaji simu, maana nina sola, na wakishakaa hapo wanaongea kana kwamba mimi ni kinu. Basi nasikia. Hii nayo niliisikia hivyo hivyo, na palipokatika nimeshona mwenyewe.

“Mguse basi. Huyu si shemeji yako?”

Winfrida alisema hivyo huku akimfuta kaka yake mdomo kwa pindo la kitenge. Elikana alikuwa amelala kitanda cha dirishani, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka begani, jicho moja limevimba kama andazi. Mchumba wa Winfrida, Konstebo Theophil, alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na mfuko wa machungwa. Hakusogea.

“Theo! Umegeuka nguzo?”

“Naogopa nitamuumiza, Win.”

“Waliomuumiza wameshamaliza kazi. Njoo.”

Theophil akaja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda kama mtu anayekalia mayai.

“Pole, shemeji.”

“Nimeshapoa. Unajua kosa langu?” Elikana alisema kwa upande mmoja wa mdomo. “Jumapili asubuhi natoka kanisani, pale Buzebazeba Koplo Rodgers akanisimamisha. Mimi kwa mazoea nikamwamkia, ‘Mwakeye, Mzee.’ Akasema, ‘Wewe Mrundi, toa kitambulisho.’ Nikamwambia hicho ni Kiha, hata bibi yangu aliamkia hivyo. Basi, akaona namfundisha kazi.”

“Na kitambulisho?”

“Kiko nyumbani, kwenye suruali ya ziwani. Nani anaenda kanisani na suruali ya ziwani?”

Winfrida akacheka kidogo, machozi yakamtoka hapo hapo. Elikana akamgeukia Theophil kwa lile jicho zima.

“Halafu nilikuita, shemeji. Walinifunika shati usoni, sioni kitu, lakini nikajua kile ni kituo chako, lazima upo. Nikaita, ‘Shemeji! Shemeji!’ mpaka sauti ikakauka.”

Theophil alikuwa anamenya chungwa. Ganda likakatika.

“Nilikuwa Kidahwe. Kwenye kizuizi cha barabarani, tangu alfajiri.”

“Ningejua uko Kidahwe nisingejichosha,” Elikana akasema, akacheka, akashika mbavu.

Chungwa lile Theophil alilimenya mpaka likabaki nyama tupu, na hakulila wala hakumpa mtu.

Rodgers, ili afunike mambo, alikuwa ameshamfungulia Elikana kesi: uvuvi haramu na kumpiga askari. Ati walimkuta ziwani usiku, akakataa kukamatwa, akaanguka ndani ya mtumbwi akavunjika. Akitoka hospitali, anaingia mahabusu. Lakini mama yao, Yunisi, si mtu wa kulia akanyamaza. Alikwenda mkoani kulalamika, akarudishwa, akaenda tena, wakachoka kumwona. Wakaahidi kumtuma mkubwa mmoja aje kuwasikiliza watu pale pale Kibirizi.

Siku ya pili yake Theophil akaitwa kula kwa mama mkwe mtarajiwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Keti. Leo nimekupikia mwenyewe, Winfrida nimemfukuza jikoni.”

Ugali wa muhogo, na mgebuka, samaki mzima, mnene, amelala kwenye sahani kichwa na mkia nje. Yunisi akamnawisha mikono yeye mwenyewe.

“Mama, niache ninawe.”

“Nyamaza. Askari wengine wana mikono ya kupiga, wewe una mikono ya kubebea machungwa. Kula. Najua ungekuwepo wewe siku ile, mwanangu asingevunjwa.”

Theophil akafinyanga tonge. Likakaa mkononi. Akalirudisha.

“Mbona huli?”

“Nakula, mama.”

“Unaliangalia. Ugali hauliwi kwa macho.”

Alifika nusu ya samaki, akaomba maji, akatoka nje akielekea chanjani, ambako Winfrida alikuwa anageuza dagaa juani. Akasimama nyuma yake.

“Unanizibia jua,” Winfrida akasema.

“Win, sikuwa Kidahwe.”

Mikono yake iliendelea kugeuza dagaa.

“Ulikuwa wapi?”

“Kituoni.”

“Ndani?”

“Mlangoni. Rodgers alisema shika mlango, asiingie mtu. Nikashika.”

“Alipokuita ulisikia?”

“Nilisikia.”

“Mara ya kwanza, au zote?”

“Zote.”

Hapo mikono ikasimama.

“Mlango huo hauna komeo?”

“Komeo bovu. Ni mpaka mtu aushike.”

“Kwa hiyo hata komeo lilikataa kazi hiyo. Wewe ukaikubali.”

“Win...”

“Mama yangu amekunawisha mikono sasa hivi! Hiyo hiyo!”

Theophil akaiangalia kama mali ya kuokota.

“Lakini nimemtegea Rodgers,” akasema haraka. “Nisikilize. Alitaka hadithi ya kufunika. Nikampa hadithi mbovu. Nilimwambia, sema tulimkuta Jumapili usiku ziwani, amewasha taa, anavua dagaa kwa nyavu haramu. Akafurahi, akanipiga mgongoni. Hajui!”

Hapo nieleze kidogo kwa wasomaji wa mbali. Kwetu mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawafuati taa, kwa sababu ziwa zima limejaa mwanga. Mitumbwi inapandishwa mchangani, wanaume wanashona nyavu na kutafuta ugomvi na wake zao. Juma lile lilikuwa la mbalamwezi, hakuna aliyetoka. Kibirizi hata mtoto wa kubebwa anajua. Ila Rodgers alihamishiwa huku akaona ametupwa, na ziwa alilijua kama mahali pa kupunga upepo akiwa na chupa ya bia.

“Atasimama aseme hayo mbele ya mkubwa,” Theophil aliendelea. “Kibirizi nzima itamcheka. Ameisha.”

“Na wewe?”

“Mimi nani atanitazama?”

Winfrida akamgeukia sasa. Macho makavu.

“Yaani dagaa ndio wakusemee.”

“Nitafukuzwa kazi, Win. Naweza kufungwa.”

“Na kaka yangu atavuta nyavu kwa meno? Nenda, Theophil. Na wazee wako wasije hapa kuposa. Mtu niliyempenda hakuwepo siku ile. Alikuwa Kidahwe.”

Tangu hapo yakabaki ya kwenye simu, na simu yenyewe ilikuwa inachajiwa kwangu.

“Win nisamehe. Nakupenda kuliko kazi.”

“Iambie hiyo kazi. Usiniambie mimi.”

“Silali.”

“Usilale.”

“Umekula lakini?”

“Nimekula. Wewe je? Usijibu. Usinizoee.”

Naye Rodgers akampigia Theophil.

“Dogo, kesho ndiyo kesho. Ile hadithi yako nimeimeza yote.”

“Afande, na kama nikiulizwa mimi?”

“Wewe ulikuwa Kidahwe, si umewaambia wakwe zako hivyo? Kaa huko huko Kidahwe. Nikizama, dogo, sizami peke yangu.”

Kesho ikafika. Ua wa ofisi ya serikali ya mtaa ulijaa mpaka watu wakakalia ndoo zao za samaki. Mkubwa aliyetumwa alikuwa mwanamke, Afande Dorotea, mtu mzima wa miwani, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Elikana aliletwa amejiegemeza kwa mama yake. Akaeleza yake. Kisha Rodgers akasimama, buti zimeng’aa.

“Afande, Jumapili usiku tulifanya doria ziwani. Tulimkuta huyu anavua dagaa kwa taa, na nyavu zisizoruhusiwa. Akatushambulia. Akateleza, akaangukia ubavu wa mtumbwi.”

Theophil, nyuma yake, akashusha pumzi. Akasubiri kicheko.

Hakikuja.

Wavuvi waliangalia vidole vyao vya miguu. Wanawake walijifunga vitenge upya. Nyuma ya Rodgers walisimama askari wenzake na virungu, na kila aliyekuwa pale alijua kwamba Afande Dorotea jioni anarudi mkoani, na virungu vinabaki.

“Kuna mwenye la kuongeza?” Afande Dorotea aliuliza. “Wewe, mzee?”

Alikuwa Samson, msemaji wa wenye mitumbwi, mtu ambaye kwa kawaida kumnyamazisha ni mpaka umpe chakula. Akakohoa.

“Sisi hatujui, afande. Usiku ni usiku.”

“Mwingine?”

Afande Dorotea akaanza kufunga kalamu yake. Theophil akamtazama Winfrida. Winfrida hakumtazama. Alikuwa anamfungia kaka yake kifungo cha shati, taratibu, maana mkono wa Elikana haukuweza.

“Afande, mimi nina neno.”

“Kaa chini, konstebo!” Rodgers akafoka.

“Koplo, hapa anayewakalisha watu ni mimi,” Afande Dorotea akasema. “Sema, kijana.”

“Hakuna doria. Elikana alikamatwa asubuhi, Buzebazeba, kwa sababu ya kusalimia. Alipigwa kituoni. Koplo ndiye aliyempiga. Mimi nilishika mlango.” Akainua mikono. “Aliniita. Nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na meza hii. Sikufungua. Na hiyo hadithi ya ziwani nilitunga mimi.”

“Unajua kwamba unajitia hatiani?”

“Najua, afande.”

“Sasa kwa nini useme leo?”

“Nilidhani watu watacheka, halafu mimi nitapona bila kusema. Hawakucheka. Na mimi nisingecheka.”

Elikana alimwangalia tu Theophil kwa jicho zima, halafu akalifumba nalo. Yunisi ndiye aliyeinuka. Akaja mpaka mbele ya yule aliyetaka kuwa mkwewe, akainua uso, maana ni mfupi.

“Ulikula samaki wangu.”

“Nilikula, mama.”

“Nikakunawisha.”

“Ulininawisha, mama. Nilishindwa kummaliza.”

“Nikadhani sikutia chumvi ya kutosha!” Yunisi akasema. “Nusu nikampa paka, nikajilaumu usiku kucha!”

Akarudi kukaa. Winfrida ndipo akainuka, akapita katikati ya watu, akasimama karibu na Theophil, bila kumgusa.

“Ukifungwa nitakuletea ugali,” akasema kwa sauti ya chini. “Ukirudi, utaanza kwa kumwomba msamaha Elikana, akikufukuza urudi kesho yake. Habari ya posa tutaiongea baadaye.”

“Win...”

“Usifurahi. Nimesema baadaye.”

Theophil hakufurahi. Alilia, na sare yake, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia askari halii.

“Afande, huyu anadanganya kwa ajili ya mwanamke!” Rodgers alikuwa ameshapandisha sauti. “Mwenyewe huyu aliwaambia hawa kwamba alikuwa Kidahwe! Mimi ndiye niliyekuwa ziwani kwa miguu yangu!”

“Basi nieleze vizuri,” Afande Dorotea akasema, akafungua kalamu tena. “Hali ilikuwaje?”

“Giza, afande. Giza totoro. Hata kiganja changu sikukiona. Taa zake tu ndizo zilizotuongoza.”

Hapo pakatoka kitu kama chafya. Alikuwa ni mzee Samson, ameziba mdomo kwa kofia. Mwanamke mmoja akasema “Mama yangu we!” Kisha ndoo ikapinduka, mtu akashika mbavu, na kicheko kikatembea uani kutoka benchi mpaka benchi. Virungu vikatazamana.

“Mnacheka nini?” Afande Dorotea akauliza.

Samson akasimama. Mdomo ulikuwa umesharudi.

“Tunacheka giza, afande. Usiku ule mwezi ulikuwa mkubwa kama sinia la pilau. Mwezi ukiwa hivyo dagaa hawaji kwenye taa, na sisi hatutoki. Hakuna mtumbwi uliogusa maji Kibirizi hii. Hata mmoja.”

“Koplo?”

Rodgers akajifuta shingo.

“Nimekumbuka, afande. Mwezi ulikuwepo. Nimechanganya na doria nyingine. Ulikuwepo, tena mkubwa. Ndio maana nilimtambua sura vizuri kabisa.”

“Na taa zake?”

“Alikuwa amewasha zote, afande.”

“Na mwezi ulivyokuwa mkubwa hivyo, taa zilikuwa za nini?”

Koplo Rodgers akatazama juu, akatazama askari wake, nao wakatazama ziwa.

“Alikuwa... alikuwa anatafuta kiatu, afande.”

“Kiatu.”

“Ndiyo, afande. Kilimdondokea.”

Ua mzima, kuanzia benchi la mbele mpaka kwenye ndoo za samaki, ulikaa na nyayo zake tupu mchangani, maana kwetu hakuna anayevua akiwa na viatu. Afande Dorotea akavua miwani, akamgeukia askari wa kuandika.

“Usimkatize,” akasema. “Mwache aendelee. Koplo, kiatu cha mguu gani?”