Deki Kutoka Soin

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu ya ugoro. Cheptoo aliisikia akipangusa vumbi juu ya deki mpya ya video, na nyumba ile hata sigara haikuijua, maana mumewe Hezekiah alikuwa ameokoka, na aliwatangazia hata wasiomuuliza.

Mpya, ni mpya kwao tu. Laini nzima ya nyumba za kiwanda cha chai ilijua habari hiyo. Hezekiah alikuwa shifti ya jioni, na kila mpira ukionyeshwa kwa TV, yeye yuko kwa mashine za kukausha majani. Akataka deki ya kumrekodia. Mwezi mzima alizunguka akichagua kama mtu anayetafuta bibi wa pili. Kericho mjini dukani kulikuwa na moja imefungwa kwa nailoni.

"Baba, chukua hii," Cheptoo akamwambia. "Haijaguswa na mtu."

Lakini ile haikuwa na saa. Kepher, fundi wa redio, alikuwa na nyingine aliyoitoa kule Soin, kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia wimbi, lakini hiyo unaipangia saa asubuhi, na wakati ukifika inaamka yenyewe, inarekodi, inalala.

"Hata ukizima TV, hii inaona," Kepher akasema.

Hezekiah akachukua hiyo inayoona.

Wakati huo msichana wao alikuwa na wiki tatu na hana jina. Si uvivu. Kwa Wakipsigis, wanawake humshika mtoto, wakampaka ugoro kidogo puani, wakaita majina ya wafu wa ukoo mmoja mmoja, na lile atakalolipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Aliyeyajua majina yote ni Kogo, nyanya ya mtoto, mamake Hezekiah, naye alikuwa kwake Merigi na mguu umevimba. Wakamngoja. Mtoto akaitwa mtoto tu, kama nyumba ambayo mlango haujatiwa komeo.

Jumapili baada ya kanisa, mvua ya mawe ikigonga mabati, Hezekiah akakaa na kikombe chake atazame mpira wa jana. Mpira haukuwa kwa kanda. Kilichokuwa kwa kanda ni sebule yao wenyewe, vitambaa alivyofuma Cheptoo, kalenda ya kiwanda, yote yakitazamwa kutoka pale deki ilipokaa. Na kwa kiti cha wageni ameketi mama mzee, leso kichwani, akichota ugoro kwa vidole viwili.

"Umeleta mtu na kamera hapa?" Hezekiah akanong'ona.

"Kamera nitoe wapi, na hata jiko ya gesi hujaninunulia?"

Wakachomoa waya. Jumatatu Cheptoo akisuka mkeka wa kanisa akasikia magurudumu ndani ya deki yakizunguka polepole, krii, krii, na waya umening'inia bila stima. Walipoichomeka watazame, kiti kilikuwa tupu na yule mama alikuwa amesimama. Jumanne alikuwa karibu na pazia la chumba cha kulala. Na Jumatano, mchana kweupe, wachumaji wakiimba huko shambani na chai ikichemka jikoni, Cheptoo aliona kwa kanda lile pazia limefunguliwa, na kitanda chao, na mtoto juu ya kitanda, na yule mama ameinama, ameinama sana, mdomo karibu na sikio la mtoto, midomo ikienda kama mtu anayemfundisha mwenzake neno moja, analirudia, analirudia, na harufu ya ugoro ikajaa nyumba mpaka machozi yakamtoka.

Siku hiyo hiyo Kogo akaletwa kwa lori la maziwa, na Kepher akaitwa aje kuondoa mashine yake.

Kogo hakungoja hata chai. Akamshika mtoto, akampaka ugoro puani, akaanza. "Tapsabei. Tabutany. Taprandich." Akaita mpaka wale waliokufa kabla ya barabara kuja. Mtoto ametulia, anatazama deki.

"Wewe fundi," Kogo akasema bila kugeuka, "hii kitu ulitoa kwa nani?"

Kepher alikuwa mlangoni, kofia mkononi. "Kwa mama mmoja Mkisii, Kogo. Hakuzaa. Alikufa kwa kiti akitazama TV, watu wake wakauza vitu."

"Aliitwa nani?"

Cheptoo aliona kidole cha Kogo bado kiko puani pa mtoto. Akafungua mdomo amzuie, lakini Kepher ni mtu wa kujibu anachoulizwa.

"Nyamoita."

Mtoto akapiga chafya. Moja, nzito, ya mtu aliyeizoea.

Wanawake hucheka hapo na kushangilia. Hakuna aliyecheka.

Kepher alibeba deki ikapotelea anakojua yeye, na Hezekiah akanunua ile ya nailoni isiyo na saa. Jumapili akajaribu kanda ya mwisho ya ile deki kuukuu. Sebule, kalenda, vitambaa. Kiti tupu.

"Umeona?" akasema, akicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Ameenda."

Cheptoo alikuwa akimtazama mtoto. Mtoto alikuwa kwa mapaja yake, amegeuza kichwa kutazama kile kiti tupu, na mkono wake mdogo ulikuwa umenyooka, vidole viwili vimebanwa pamoja, ukingoja kuwekewa ugoro.