Nani Aliendesha Gari Langu Jumamosi?

"Dada, Jumamosi ile gari hili aliendesha nani?"

Fundi aliniuliza bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. Waya mrefu ulitoka pale mezani, ukaingia chini ya usukani wa gari langu.

"Jumamosi ipi?"

"Siku mbili kabla halijakuzimikia."

Fundi ndiye aliyeniita nije kuona alichokikuta, nami nikaingia gereji nimevimba, tayari kwa shari. Wiki tatu nyuma, siku nne tu baada ya yeye kubadilisha mkanda wa injini, gari lilinizimikia barabarani nikienda kazini. Lilipiga kelele ya chuma kwa chuma, halafu kimya. Siku hiyohiyo nilimtukana mbele ya wateja wake. Kisha nikaandika kwenye grupu letu la wenye magari ya zamani: "Msimpelekee huyu fundi gari. Ameniulia injini." Watu wakaniamini. Sasa gereji ilikuwa tupu, gari langu peke yake ndani, boneti wazi.

"Jumamosi nilikuwa zamu maabara," nilisema. "Gari lilikuwa nyumbani. Usitafute pa kutokea, fundi. Ni mkanda wako."

"Njoo uone mkanda wangu."

Alinimulikia tochi. Mkanda ulikuwa mzima, alama zake zimelingana kama siku alipoufunga.

"Valvu zilipinda Jumamosi hiyo, injini ilipozungushwa kuliko uwezo wake, na Jumatatu moja ikakatika," alisema. "Kompyuta ya gari, ile tuliyoifunga pamoja na tabo kubwa ya kuongeza nguvu, inatunza kumbukumbu. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Jumamosi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Gia ya tatu, mwendo mkali. Halafu ghafla gia ya pili, mizunguko elfu tisa na mia nne. Mwisho wa injini yangu ni elfu saba na nusu.

"Mtu alitaka kuingiza ya nne, mkono ukaangukia ya pili," fundi alisema taratibu. "Wewe huwezi kukosea hivyo. Unalijua gari hili kuliko kitanda chako."

Ufunguo wa akiba alikuwa nao mtu mmoja tu. Ticha. Mchumba wangu. Harusi yetu ilibakiza wiki tano.

Niseme ukweli, gari lile lilikuwa linanitesa. Lina miaka ishirini na sita. Dirisha la kushoto halishuki, ndani ni joto kama tanuri, na taa moja ya nyuma niliitafuta mwaka mzima. Lakini ukipandisha kilima, tabo ikaanza kupiga mluzi na mgongo ukabandikwa kwenye kiti, unasahau wagonjwa wote uliowatoa damu siku hiyo. Mama alikuwa akisema nimeolewa tayari na gari, Ticha anakuja kuwa mke mwenza.

Nikamwandikia palepale: "Uliendesha gari langu ile Jumamosi?"

Jibu likaja haraka: "Hapana mpenzi. Sijawahi kuligusa. Vipi?"

Nikapiga picha kioo cha kompyuta, nikamtumia.

Alama mbili za buluu. Anaandika. Anaacha. Anaandika tena. Anaacha.

Nikapiga simu.

"Uko wapi?"

"Shule. Naingia darasani..."

"Njoo gereji sasa hivi."

"Mpenzi, tuongee jioni, tukiwa wawili."

"Mimi nilimtukana huyu baba wa watu mchana, mbele ya watu. Utakuja mchana."

Nusu saa baadaye alifika, chaki bado kwenye mkono wa shati. Hakuniangalia mimi. Aliangalia gari.

"Ni mimi," alisema.

"Sema vizuri. Fundi naye asikie."

"Ni mimi niliyelichukua." Akagusa mlango wa gari. "Kaka yako kila tukikutana, 'Shemeji abiria, leo umeletwa saa ngapi?' Wote wanacheka. Na wewe ulikuwa unacheka. Nikataka mara moja tu nijue unachokipata humo ndani. Nikakosea gia. Likatoa mlio mbaya, lakini likaendelea kuwaka. Nikalirudisha, nikajiambia halijaharibika."

"Na Jumatatu lilipokufa?"

Akapangusa chaki kwenye shati.

"Nilikulilia begani, Ticha! Nikakuuliza, niandike kwenye grupu au nisiandike? Ukanijibu nini?"

"...Nikasema andika."

Fundi aliweka spana mezani. Mlio wake uliijaza gereji nzima.

"Ungeniambia siku ile, ningekasirikia injini," nilisema. "Injini inatengenezeka. Wewe wiki tatu umekaa kwangu, umekula mezani kwangu, unamwangalia mtu asiye na kosa anakimbiwa na wateja. Nikikosa kazi kesho kwa uongo wako, utanyamaza vilevile?"

"Nilikuwa nakuja kusema kila siku. Kila siku ikawa ngumu kuliko ya jana."

"Chukua simu. Sema."

Alirekodi sauti, akanipa niitume kwenye grupu: alitaja kosa lake, akamtaja fundi kuwa hana hatia, akarudia mara mbili. Chini yake nikaandika langu: "Nilimchafua fundi bila kuchunguza. Naomba radhi kwake na kwenu." Kisha nikamgeukia fundi, nikamwomba msamaha kwa mdomo wangu. Ule ulikuwa mgumu zaidi.

"Mimi yangu yameisha," fundi alisema. "Yenu siyajui."

"Na harusi?" Ticha aliuliza kwa sauti ya chini.

"Haipo. Nikikuamini tena nitakwambia. Nisipokuamini pia nitakwambia."

Nilidhani atakimbia. Jumamosi iliyofuata fundi akanipigia simu: "Dada, mtu wako yuko hapa anakwangua gasketi." Na ya pili yake, na ya tatu. Ticha aliosha vyuma, akasugua valvu mpya mpaka vidole vikachubuka. Wateja walirudi, mmoja mmoja, wakimkuta amepiga magoti sakafuni. Akiulizwa anafanya nini pale, anajibu: "Niliharibu mimi." Hakuniomba chochote. Mimi ndiye niliyeanza kupita na chai.

Baada ya miezi mitatu injini iliwaka. Mluzi wa tabo ulipanda mpaka njiwa wakaruka kwenye bati. Nilipiga kelele kama mtoto. Nikamwambia aingie, nimpeleke kwao.

Tulipotoka kwenye kona ya kwanza, nikakanyaga mafuta. Akashika mlango.

"Simama kidogo," alisema. "Kuna jambo lingine sijakwambia."

Nikaegesha pembeni.

"Sema."

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Hili gari. Unavyolikimbiza. Tangu siku ya kwanza. Ukikata kona nafumba macho, nashuka natabasamu ili usinione mwoga. Hata siku ile nilipoliiba, nilikuwa naogopa."

Hakuna aliyekuwa amemkamata. Hakuna kompyuta iliyokuwa imemtaja. Alikuwa amesema mwenyewe.

"Mwaka mzima umekuwa ukiogopa?"

"Mwaka na miezi miwili."

Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kutoka baada ya kicheko kuisha. Nikaingiza gia ya kwanza. Tulikwenda polepole mpaka baiskeli zikatupita, njia nzima, hadi mlangoni kwa mama yake.

Mama alitoka amejifunga kanga, akatuangalia wote wawili.

"Shikamoo mama," nilisema. "Nimekuja tupange tarehe nyingine ya harusi."