Mchumba wa Kianjokoma

Siku ya soko pale Nkubu, mwaka wa tisini na sita, kijana mmoja mwenye jaketi la jinzi alikuwa akitembea kinyumenyume katikati ya watu, kipaza sauti mdomoni, akitangaza video ya Jumamosi. Akakanyaga kikapu cha nyanya cha Ruguru, ambaye alikuwa amekiweka chini afunge kiatu.

"Wewe, kwani macho yako iko kisogoni?"

"Ingekuwa kisogoni ningekuona mapema, mrembo, na kazi ya kutangaza ningeacha."

"Acha maneno. Okota nyanya."

Akachutama, akaziokota moja moja huku kipaza sauti kikiwa kwapani, hakijazimwa. Soko zima likamsikia akisema pole, pole sana, na jina lako ni nani. Ruguru alitaka kuendelea kukasirika lakini kicheko kikamponyoka.

Kijana aliitwa Mutugi, Mmeru, mwenyeji wa Kanyakine. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za kigeni katika ukumbi wa video wa Mithika: alisimama kando ya televisheni na kuwasemea waigizaji wote, wake kwa waume. Ruguru aliuza dawa katika kemisti kando ya barabara ya Embu. Kwao kulikuwa chini kabisa kwenye ukame, Siakago, kwa Wambeere. Simu ya kemisti ikaanza kulia kila asubuhi.

"Hallo, daktari? Niko na homa."

"Homa gani?"

"Ya msichana wa sketi ya buluu."

"Kunywa maji ulale, Mutugi. Hapa kuna wagonjwa wa ukweli."

Miezi ikapita hivyo, wakapendana kwelikweli. Hatimaye Mutugi akasema mama yake angekuja Jumamosi kutazama filamu ambayo mchungaji wao alikuwa ameisifu kanisani, na kwamba alitaka amwone Ruguru. Ruguru alijua maana yake. Akashona gauni jipya la manjano, akasuka nywele.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mji fulani wa ng'ambo. Haikuwa na nyota mmoja. Ilikuwa na watu wengi, kila mmoja na kisa chake: nesi mweusi, bibi kizee wa Kizungu aliyelazwa, Mhindi mwenye duka, polisi, mwenye nyumba za kupangisha. Visa vyote vilikutana, na kila palipokutana watu wawili, mmoja alimdharau mwenzake. Bibi kizee alipokataa kuguswa na nesi kwa kuwa ni mweusi, Mutugi aliyatafsiri maneno yake kwa uchungu mpaka sauti ikamkatika. Ukumbi ukawaka hasira. Mtu mmoja alirusha gunzi la mahindi kwenye kioo, na Mithika akaruka kuikinga televisheni yake. Wanawake wa kanisa walilia. Ruguru naye alilia, na akampenda yule mwenye sauti kuliko siku zote.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kulikuwa na mahali ambapo yule nesi naye alimtusi Mhindi dukani, akamwambia arudi kwao. Hapo watu walicheka na kupiga makofi. Ruguru alitazama huku na huku asione mwingine aliyenuna.

Baadaye waliketi katika hoteli ya jirani, Mutugi, mama yake na Ruguru. Mama Mutugi, mwenye kilemba cheupe cha kanisa, alikuwa bado anafuta machozi.

"Mtu unamkataaje mwenzako kwa vile Mungu alivyomuumba?" alisema. "Wale watajibu siku ya mwisho." Akanywa chai, akamgeukia Ruguru kwa upole. "Na huko kwenu Kianjokoma, Embu ya juu, mwanangu, majani chai imelipa vizuri mwaka huu?"

Ruguru alidhani amekosea tu. "Mama, kwetu si Kianjokoma. Kwetu ni Siakago."

"Siakago kwa Wambeere?"

"Ndiyo, mama."

Mama Mutugi akaweka kikombe chini. Mutugi alikuwa akikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Mutugi, wewe uliniambia nini?" Mutugi akazidi kukoroga. Mama akavuta pumzi. "Mwanangu, sina ubaya na wewe, nakuona una heshima. Lakini huko kwenu ni jua na mbuzi tu. Sisi na watu wa huko hatuoani. Hata damu haipatani."

Leso aliyomlilia nayo nesi ilikuwa bado mkononi mwake. Ruguru aliitazama ile leso, damu ikamchemka.

"Mama, sasa yule nesi ulikuwa unamlilia nini?"

Akatoka. Mutugi akamfuata mbio mpaka barabarani.

"Nilitaka akupende kwanza, sweetie. Halafu ningemwambia."

"Apende nani? Yule wa Kianjokoma? Basi enda umtafute, umuoe."

"Nilikuwa nakukinga."

"Ulinionea aibu, Mutugi. Mama yako alau amesema kwa mdomo wake."

Simu ikalia asubuhi iliyofuata, na zote zilizofuata. Akisikia sauti yake tu anakata. Usiku alilala na hasira, akaamka nayo, akapimia watu dawa akiwa nayo. Kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba bado alimtaka. Siku moja hakukata.

"Sema nifanye nini," Mutugi alisema. "Chochote."

"Utakuja kwetu kwa baba. Na ukifika huko, wewe ni mtu wa Kianjokoma."

"Kwa nini?"

"Uone vile inakaa kuitwa mtu wa kwingine."

Wakaenda. Mzee Kathuri, baba yake Ruguru, alichinja mbuzi, akawakaribisha kivulini kando ya zizi. Ruguru akasema, "Baba, huyu ni Mutugi wa Kianjokoma," bila kupepesa macho.

"Vizuri," mzee alimwambia bintiye, akimkatia mgeni nyama. "Kukaa kwako kule juu kulinitia wasiwasi. Nilifikiria utaniletea Mmeru. Hao hasira iko mbele, akili inakuja kesho. Wanashikiana panga hata wakisalimiana."

Mutugi alitafuna.

"Na dharau. Mmeru umpe kiti, jioni anakuuliza wewe unatafuta nini hapa. Mimi siwezi peana msichana huko, hata kama ni kwa ng'ombe mia."

Masikio ya Mutugi yalikuwa yamewiva. Ruguru alifurahi, kusema kweli. Alitaka Mutugi ayameze matusi yote, tone kwa tone.

"Sasa, kijana," mzee akasema, "mbuzi wa mahari unaleta lini?"

Furaha ya Ruguru ikaisha hapo hapo. Mlango ulikuwa wazi: Mutugi angetaja mwezi tu, na mambo yangekwisha. Lakini mtu aliyemkana yeye kwa mama yake, leo akijikana mwenyewe kwa mzee, ataishi naye vipi?

Mutugi akaweka nyama chini. "Mzee, mimi si wa Kianjokoma. Mimi ni Mmeru. Kwetu ni Kanyakine."

Mzee hakumtazama. Alimgeukia bintiye. "Si ni wewe ulisema?"

"Ni mimi, baba."

"Ulikuwa unanificha nini?"

Maneno yote aliyokuwa amemrundikia Mutugi majuma mazima, sasa Ruguru aliyasikia yakimrudia yeye.

"Hiyo alijifunza kwangu, mzee," Mutugi alisema. Akaeleza yote, uongo wake na maneno ya mama yake, bila kupunguza.

Mzee Kathuri aliendelea kukata nyama mpaka mafuta yakaganda kwenye sinia.

"Mama yako aje," alisema mwishowe. "Hayo alisema kule, ayaseme hapa nikiwa nimekaa. Na mimi nitarudia yangu, yote. Tukimaliza kutukanana ndio tutaongea mambo ya mbuzi."

Akaondoka kwenda kuangalia mifugo, fimbo begani.

"Mama yako hatakuja," Ruguru alisema.

"Nitamwomba mpaka achoke. Akikataa kabisa, nitarudi mwenyewe na mbuzi wangu."

"Bado nimekasirika, Mutugi."

"Najua."

"Sijui itaisha lini. Pengine utanioa nikiwa nayo."

"Wewe kuja nayo tu," Mutugi alisema, akanyoosha mkono wenye mafuta ya nyama, mzee akiwatazama waziwazi kutoka zizini. Ruguru akaushika.