Nilihama Mstari wa Dada Yangu

Sauti iliyonishtua kwanza ilikuwa ya viatu vikikwaruza changarawe... vingi, nyuma yangu. Watu walikuwa wakiuacha mstari wa dada yangu, wakinifuata!

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, na ninaandika haya nikiwa peke yangu katika chumba cha kupanga mjini Voi. Dada Mkamburi ndiye aliyenilea huko Bura baada ya mama yetu kufariki. Mwaka wa uchaguzi aliacha kazi ya ualimu ili awanie ugavana wa kaunti yetu.

Wasomaji wenzangu, kwetu wakati huo chama chenye nguvu kilikuwa kimoja tu. Aliyepata tiketi yake alihesabiwa kuwa gavana hata kabla ya uchaguzi wenyewe. Nililijua jambo hilo kuliko wengi, kwa kuwa tasnifu yangu ya uzamili ilichunguza jimbo moja la ng'ambo lililochagua magavana wake kwa namna hiyo katikati ya karne iliyopita. Nilijua kila kitu... isipokuwa moyo wangu!

Uteuzi wa chama ulifanywa katika uwanja wa shule, kwa mlolongo: unasimama nyuma ya mtu unayemtaka, mchana kweupe, majirani wakikutazama. Dada alisimama mbele kabisa, juani. Mstari wa mpinzani wake ulipita kwenye kivuli cha madarasa.

Mpiga debe wa mpinzani alinisogelea. "Msomi, hata hesabu hii inakushinda? Kaunti ikiajiri, itamkumbuka aliyesimama huku? Hiyo digrii utaitundika jikoni ikaushwe na moshi!" Watu wakacheka.

Nilipiga hesabu. Simu kutoka Taveta na Mwatate zilisema kwamba huko dada alikuwa ameshindwa tayari. Kura yangu moja ingebadili nini? Nilijiuliza hivyo mara tatu, nikajijibu mara tatu... kisha nikahama.

Dada aligeuka. Nilimsikia akiwaambia watu wake, "Mwacheni, anakwepa jua tu. Atarudi."

Sikurudi! Mama mmoja akapaza sauti, "Hata wa tumbo moja amehama! Sisi twangoja nini?" Waliobaki nyuma ya dada waliweza kuhesabiwa kwa vidole... na hapo ni kijijini kwake!

Si mimi niliyempotezea ugavana. Hilo nalijua kwa hakika. Je, hakika hiyo imenifaa nini? Kazi sikupata. Krismasi ilipita bila yeyote kuniita nyumbani. Mimi hupika kikombe kimoja cha mchele, na hicho pia hubaki.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi: mtu wenu akishindwa, shindweni naye. Msianze kwa kupiga hesabu kama nilivyofanya mimi. Anayeshinda hatakumbuka kwamba ulikuwapo. Anayeshindwa hatasahau kwamba hukuwapo.

Jumapili iliyopita, baada ya miezi saba ya kuandika ujumbe na kuufuta, nilimpigia. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Haloo," akasema. "Nani mwenzangu?"

Alikuwa ameifuta namba yangu...

"Ni Wakesho," nikasema. "Nilikukosea, dada. Nakuomba usikate."

Nilisikia kuku wa pale nyumbani, nikasikia pumzi zake... Hakukata.