Vumbi la Chumba cha Brashi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yusta alifagia uwanja, akachota maji bombani, kisha akamwamsha mdogo wake. Mama yake, Filomena, hakuhitaji kuamshwa. Kila siku alimkuta ameshaamka, ameketi jikoni kwenye kigoda, anakohoa.

Kikohozi hicho kilimkera Yusta. Alichoka kumwona mama yake akishika kifua na kusema, "Ni vumbi tu, litapita." Filomena alifanya kazi katika kiwanda cha mkonge karibu na Mazinde. Alikuwa kwenye chumba cha brashi, ambako singa, yaani nyuzi za mkonge, zilizokauka hupitishwa kwenye mashine ili ziwe laini na zing'ae. Mwalimu wa sayansi alipowafundisha kwamba chembe ndogo za vumbi huingia hadi ndani ya mapafu na kuyadhuru, Yusta alirudi nyumbani akashona barakoa ya kitambaa, akampa mama yake.

Jioni alipoifua, maji hayakuchafuka. Kesho yake ikawa vilevile.

"Mama, hukuivaa."

"Niliivaa kidogo."

"Kidogo namna gani? Ni safi kama nilivyoikunja."

Filomena alikohoa. Yusta akasukuma beseni pembeni. "Basi endelea kukohoa," alisema. Maneno yalimuuma mwenyewe mara tu yalipomtoka, lakini hakuyafuta.

Jumamosi Filomena aliondoka bila chakula chake, Yusta akampelekea. Mlinzi alimwongoza hadi mlangoni mwa chumba cha brashi, akamwambia asivuke kizingiti. Ndani, vumbi lilikuwa zito kama ukungu. Mashine zilinguruma, na wanawake walikuwa weupe kuanzia nyusi hadi mikono.

Filomena alitoka, akatoa barakoa mfukoni. "Ivae, usimame hapo hapo mlangoni," alisema.

Yusta akaivaa. Muda si mrefu kitambaa kililowa jasho na kumganda puani. Vumbi lilipita pembeni, na hewa ikawa nzito.

"Nikiwa nayo ndani napata kizunguzungu," mama yake alisema. "Na mashine ile haimsubiri mtu anayeyumba. Itaondoka na mkono."

Yusta aliona aibu. Hata hivyo hasira haikumwisha, ila sasa hakujua amkasirikie nani. Akaonyesha feni kubwa ukutani, imesimama, imejaa utando wa buibui.

"Ile ni ya nini?"

"Ilikuwa inanyonya vumbi na kulitoa nje. Imeharibika tangu masika."

"Na hamkusema?"

"Nilimwambia msimamizi wetu, Bwana Ponsiano. Akanijibu kwamba wenzangu wote wameridhika, ni mimi peke yangu ninayelalamika."

Kengele ya mapumziko ilikuwa imelia, na wanawake wengine walikuwa wametoka kula. Shamsia, aliyekuwa akifungua hotipoti yake karibu nao, aliinua kichwa. "Mbona mimi aliniambia maneno hayo hayo?"

"Hata mimi," akasema Bernadina.

"Kwa hiyo alimwambia kila mtu kuwa yuko peke yake?" Yusta aliuliza.

Filomena alifunika chakula chake, akainuka.

Mapumziko yalipokwisha hawakurudi kwenye mashine. Walikwenda wote ofisini kwa Ponsiano. Akasema kipuri kimeagizwa. Akasema wavumilie.

"Tumeshavumilia," Filomena alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Tutaingia humo feni ikizunguka."

Meneja aliitwa, akaahidi kwamba Jumatatu feni itafanya kazi. Jumatatu ilifika, feni haikuzunguka. Yusta aliporudi kutoka shuleni na kusikia hivyo, alitupa mkoba kitandani. Wanawake, hata hivyo, hawakubadili msimamo. Walifanya kazi ya kufunga marobota ya singa nje, na mashine za brashi zikakaa kimya. Mwishowe fundi alikuja kutoka Korogwe na kipuri, feni ikaanza kuvuta. Wafanyakazi walipewa barakoa imara zinazobana vizuri usoni, wakapelekwa hospitali kupimwa kifua.

Daktari alimwambia Filomena kwamba mapafu yake yamekwisha kuumia. Akampa dawa na kumkataza kurudi kwenye vumbi. Kiwanda kikamhamishia kwenye kupima uzito wa marobota.

"Wangeitengeneza mapema usingeumwa," Yusta alisema jioni ile. Bado alikuwa na uchungu.

"Ni kweli," Filomena alisema. "Ulifanya vyema kutolidharau vumbi. Ila uliponilaumu mimi, ulimlaumu asiyehusika. Hatari ya kazini huondolewa pale inapoanzia, na hilo ni jukumu la mwenye kiwanda. Barakoa inasaidia tu. Kosa langu ni kwamba nilisema mara moja, nikaambiwa niko peke yangu, nikaamini. Ukiona kitu kinadhuru watu kazini, sema, kisha waulize wenzako kama nao wamekiona."

"Na wakikwambia tena uko peke yako?"

"Nitawajibu kwamba nataka kwanza kuwauliza wenzangu."

Yusta akamletea dawa na kikombe cha maji, akakaa karibu naye mpaka alipozimeza.