Herufi Zinazocheka

Hivi wewe ungeandika jina la mwanao kwa herufi usizojua zilikotoka? Rafiki yangu Benedikta aliandika, na usinianzie habari za mapepo, maana yeye ni mwalimu wa hesabu.

Alitoka Nyasura hadi Musoma kuchukua bango la bethidei ya binti yake, Rhobi. Alikuwa amechagua herufi za brashi, nene, zenye mikia, zinazorukaruka.

"Mseti, hizi zinachekaga kabisa!" alimsifu mwenye duka la kuchapisha mabango.

Mseti hakucheka. Umeme ukakatika, na chumba kisicho na dirisha kikawa giza tororo. Mashine ya kuchapia ilinyamaza, lakini brashi ilisikika ikipita kama juu ya ubao, taratibu: kwaru... kwaru...

Umeme uliporudi, bango lote lilikuwa kavu. Jina la Rhobi tu ndilo lilikuwa bichi, likinuka rangi ya mafuta. Hapo hapo simu ikaita. Ni jirani: Rhobi ameanguka, hapumui vizuri.

"Mseti, herufi hizi ulizitoa wapi?"

"Mwalimu, nilizipiga picha makaburini kule Butiama, kwenye misalaba. Yote ya watoto."