Posa ya Mtani

Foleni ya wageni wa kutazama nyumba ya kale ya ukingoni mwa mto, mjini Saint-Louis, Senegal, ilikuwa imefika barabarani Masamba aliposikia sauti nyuma yake ikimpa mlinda mlango jina: "Arame Ndiaye."

Akageuka. Arame alivaa vazi pana la buluu lililotiwa wanga likawa linalia kila alipojongea.

"Kumbe hata akina Ndiaye wanaruhusiwa humu?" alisema Masamba. "Watauramba ukuta."

"Na wewe nani?"

"Masamba Diop."

"Aa, mtumwa wangu. Nilikuwa nakutafuta. Shika mkoba huu."

Akaushika. Ukoo wa Diop na ukoo wa Ndiaye ni watani tangu mababu: huitana walafi na watumwa, na kila mmoja hudai mwenzake ndiye apendaye wali kupita kiasi. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Wakapanda ngazi mbili zinazokutana juu, wakapita sakafu ya mbao iliyong'arishwa, wakatokea kwenye roshani. Chini mto, nyuma bustani ya maua ya bugenvilia. Nyumba ilipendeza mpaka wageni wakawa wananong'ona. Masamba aliitazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa na kazi yake.

Tangu siku hiyo ikawa simu kila siku.

"Umekula, mlafi?"

"Nimekula na fungu lako."

Kisha Masamba akapata uhamisho wa kwenda Ziguinchor, mbali kusini. Akapiga simu. "Arame, nataka nikuoe, twende wote."

Arame akacheka hadi akakohoa. "Diop aoe? Mahari utatoa ukoko wa wali?"

Masamba akakata simu. Arame alingoja utani mwingine. Ulipokosa kuja, moyo ukamshtuka: Masamba alikuwa anasema kweli. Akamwandikia: "Mtumwa, mkoba wangu unanilemea. Njoo kwenye nyumba ile ulikoupokea."

Masamba alimkuta kwenye roshani.

"Ningejuaje?" Arame aliuliza. "Lini umewahi kuniambia neno lisilo na mzaha?"

Masamba alivua kofia. Akamwita kwa jina la ukoo tupu, kama wazee wanavyomwita mtu wanayemheshimu.

"Ndiaye," alisema. "Ndiaye."

Hakuongeza mlafi, wala mtumwa, wala wali. Arame alisubiri mzaha, haukuja. Machozi yakamlengalenga, na alifurahi mno.

"Diop," alijibu taratibu. "Waambie wazee wako walete kokwa za kola za posa kwa baba."

Akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Na waje wameshiba. Wali wetu hautawatosha."